Breki mpya za VX 80: nilichonunua na kilichosaidia

Naanza na Kitonga, maana huko ndiko mfuko wangu ulikofunguka. Tulikuwa tunatoka Iringa kurudi Dar, watu saba ndani, keria imejaa magunia ya viazi, matenga ya nyanya za Ilula na baiskeli ya mtoto. Gari ni Land Cruiser VX 80 ya mwaka 1996, dizeli ya turbo, gia za mkono. Ikiwa tupu ni tani mbili na ushee; siku ile sikutaka hata kupiga hesabu. Mbele yetu semi ya shaba inashuka mwendo wa kinyonga, nami kwa uvivu nimebaki gia ya nne, mguu umelala kwenye breki.

Kona ya tatu au ya nne pedali ikalainika, kama nakanyaga mkate. Nikakanyaga tena, ikazama karibu na sakafu. Mama Neema akasema kwa utulivu ambao mpaka leo siuelewi, "Baba Neema, kuna kitu kinaungua." Nikapampu mara tatu, ikarudi kidogo, nikachomeka gia ya pili, injini ikalia, gari likashikika. Tuliteremka hivyohivyo mpaka tambarare, tukaegesha chini ya mbuyu tukielekea Ruaha Mbuyuni. Baada ya saa moja pedali ilikuwa juu na ngumu, utadhani niliota.

Kule kurudi kwa pedali kulikuwa ndiyo jibu, ila sikulijua. Nilipofika Dar niliagiza seti: diski za mbele zenye mifereji, kutoka Australia, na mipira ya breki, ile mirija laini inayopitisha mafuta mpaka kwenye tairi, iliyosukwa kwa nyuzi za chuma. Pedi, vile vibao vinavyobana diski, nilipanga kuzitafuta hapahapa. Nilishabadilisha pedi mara tatu ndani ya miaka miwili kwa mafundi tofauti, na kila mmoja aliniambia maneno yaleyale: "Bosi, pedi zimeisha." Nikaona bora nibadilishe kila kitu.

Kazi nilimpelekea mzee mmoja aliyezeekea kwenye magari ya miradi. Kabla hajashika spana akaniuliza: pale mlimani pedali ilikuwa ngumu na gari halisimami, au ililainika? Nikamwambia ililainika. "Basi pedi unazionea tu," akasema. Pedali ikibaki ngumu huku gari linaendelea kwenda, pedi ndizo zimezidiwa na joto. Ikizama, mafuta ya breki yamechemka, na mvuke unabonyea pale ambapo mafuta hayabonyei. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewani. DOT 3, mojawapo ya madaraja yake, ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205, lakini ikishalewa maji kiwango chake kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230, na ikishalewa ni 155. Akafungua kikopo cha masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, akachovya kitambaa cheupe, akanionyesha: rangi ya chai ya rangi. Gari nililinunua mnadani miaka mitano nyuma na sikuwahi kuyabadilisha. Miaka mitano ya unyevu wa Dar es Salaam.

Wakati ananieleza hayo, diski nilikuwa nimeshazilipia.

Hata hivyo hazikupotea. Alizipima unene za zamani kwa venia, rula yake ya kubana, moja ikasoma milimita 29.6 na nyenzake 29.4. Mpya huwa 32, na kikomo, kilichoandikwa kwenye chuma chenyewe, ni 30. Kijana wake alipendekeza tuzichonge zinyooke, mzee akamtazama tu. Diski nyembamba haina pa kuweka joto, na breki kazi yake yote ni kugeuza mwendo kuwa joto. Mwendo ukitoka 50 kwenda 100, joto la kusimamisha gari lilelile linakuwa mara nne.

Mwenye 80 ajue jambo hili kabla ya kupatana bei ya ufundi: diski ya mbele imefungwa nyuma ya habu, kile kitovu kinachobeba gurudumu. Haitoki kwa kufungua tairi na kaliper (kile chuma kinachoshika pedi) peke yake, lazima habu ishuke na beringi zitoke. Kwa hiyo nunua sili na grisi mapema, na kama beringi zimeanza kuwa na madoa zibadilishe hukohuko. Mimi sikununua sili. Gari lililala juu ya mawe siku mbili kwa sababu ya kipande cha mpira kinachoenea kiganjani.

Pedi nilizifuata Kariakoo, mtaa wa Gerezani. Nilitaka pedi za mbele za VX 100, Land Cruiser iliyofuata baada ya 80, kwa sababu zinaingia kwenye kaliper za 80 na uso wake ni mpana kidogo. Duka la kwanza kijana akanitolea boksi linalong'aa. "Jenyuini hii, kaka, Japani kabisa." Nikakwangua ukingo wa pedi kwa ukucha, ukatoka unga mweusi kama mkaa wa pasi. Nikamrudishia, hakubisha, akaingia ndani akaleta boksi jingine la bei ya karibu mara tatu. Hilo ndilo nililolichukua. Sisemi ukucha ni maabara, lakini pedi ya tani mbili isikwanguke kama chaki.

Sasa nije kwenye kitu ambacho sikukinunua kabisa, nacho ndicho kilichobadilisha gari. Nyuma, kwenye chasi juu ya ekseli, kuna valvu yenye mkono na fimbo inayoshuka mpaka kwenye ekseli. Ukipakia mzigo gari linakaa chini, fimbo inausukuma mkono, valvu inaruhusu breki za nyuma zipate nguvu zaidi. Gari likiwa tupu linanyanyuka, valvu inabana ili tairi za nyuma zisijifunge na kukutupa. Mimi niliweka springi ndefu zilizonyanyua gari sentimita 5. Valvu haijui habari za springi, inajua urefu tu. Tangu siku hiyo ilikuwa inaamini gari ni tupu, hata tukiwa saba na viazi juu. Breki mbili za mbele zikawa zinafanya kazi ya breki zote nne. Ndiyo maana pedi za mbele zilikuwa zinaisha kama sabuni huku za nyuma zikiwa nene.

Mzee alitengeneza kibao cha chuma, akainua pale fimbo inaposhikia kwenye ekseli kwa sentimita 5 zilezile. Nusu saa, na boliti mbili. Mafundi watatu walipita chini ya gari lile na hakuna aliyeuangalia ule mkono.

Kwenye kutoa upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki, usisahau kwamba valvu hiyo nayo ina niplo yake, kile kichuchu cha kutolea upepo. Kijana alimaliza tairi zote nne, pedali ikawa bado ina uspringi. Walipofungua niplo ya valvu vikatoka viputo, kisha pedali ikasimama. Tuliweka DOT 4 mpya mfumo mzima, lita moja na nusu hivi pamoja na ya kusafishia. Usinunue DOT 5 kwa kudhani namba kubwa ni bora: ile ni ya silikoni na haichanganyiki na hizi. DOT 5.1 ni jamaa mwingine, hiyo inakubali.

Kuzizoesha pedi nilifanya alfajiri barabara ya Bagamoyo, baada ya Bunju. Unakimbia 60, unakanyaga mpaka karibu 10 bila kusimama kabisa, unarudia mara nane au kumi, kisha unaendesha taratibu zipoe. Ukisimama na kushikilia pedali wakati diski ni ya moto, pedi inaacha alama yake pale na usukani utatetemeka. Harufu itakutisha. Trafiki mmoja alinisimamisha akaniuliza kama nimelewa.

Mwezi wa kumi na mbili tulirudi Kitonga, mzigo ukiwa karibu uleule, ila safari hii nilishuka na gia ya pili tangu juu, kwa hiyo siwezi kuzipa breki sifa zote. Nilizijaribu makusudi pale palipo wazi: pedali iko juu, haibadiliki, na gari linakaa chini lote kwa pamoja badala ya kuinamisha pua. Huko kukaa sawa kumeletwa na valvu. Mipira ya chuma imefanya pedali iwe ya haraka zaidi, mguu unaihisi, lakini isingeniokoa siku ile.

Kero zipo. Asubuhi yenye umande zinapiga kelele mita chache za kwanza, na mlinzi wa getini husema anatujua tunatoka kabla hajatuona. Ile mifereji inanguruma kwa mbali ukikanyaga ukiwa kwenye 80. Vumbi la pedi ni jeusi na linaganda kwenye rimu. Na tairi zangu ni kubwa kuliko za kiwandani, 285 badala ya 275, kipenyo kimeongezeka kama asilimia 5, maana yake breki zinapoteza kiasi hichohicho. Hapo hakuna diski inayokurudishia bure.

Kwa fedha, diski zilikula zaidi ya nusu ya bajeti. Mafuta, kibao cha mzee na ufundi wa kutoa upepo havikufika hata robo. Ningeanza upya ningeanza na hivyo vitatu, nikapime diski, na mipira ya kusukwa ningeiacha ya mwisho.

Juzi nilifungua tairi za mbele kwenye kilomita 9,000. Pedi za mbele zimeliwa milimita mbili, na za nyuma, kwa mara ya kwanza tangu ninunue gari hili, zimeanza kuisha.