Kitabu cha Leo: "Binti" cha Nnedi Okorafor

Assalamu alaykum jamani, karibuni. Niko nyumbani hapa Kibokoni, na mkononi nina kitabu chembamba, hebu kioneni, kurasa hazifiki 100. Kinaitwa "Binti". Ndiyo, binti yetu hii hii ya Kiswahili. Lakini aliyekiandika ni Nnedi Okorafor, mzaliwa wa Marekani mwaka 1974, wazazi wake Waigbo wa Nigeria.

Dada huyu uandishi haukuwa kwenye hesabu zake. Alikuwa mcheza tenisi, na akitaka kusomea wadudu. Alipofika miaka 19 akafanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo uliopinda, akazinduka miguu haina nguvu. Ni katika siku zile za kulala kitandani ndipo alipoanza kuandika hadithi. Kutembea ikabidi ajifunze upya. Na mapenzi yake ya wadudu hayakumtoka, maana humu ndani chombo cha angani ni mnyama hai, umbo lake kama kamba wale tunaonunua sokoni!

Sasa hadithi. Binti ni Mhimba, wale wa Namibia wanaojipaka udongo mwekundu wenye mafuta. Amepata nafasi chuo kikuu cha sayari nyingine, akatoroka kwao usiku bila kuaga, na udongo wake amebeba. Yuko kwenye foleni ya safari, mwanamke wa kabila jingine anamshika nywele bila hata kumwomba. Hapo nilikifunga kitabu. Nilimuona bibi yangu akisugua liwa kwenye jiwe, maji ya waridi pembeni, ananipaka usoni usiku wa kuamkia safari yangu ya chuo. Nami asubuhi nikainawa yote kabla basi halijafika, nisije nikaulizwa. Binti yeye hakuunawa. Na udongo ule ndio unaokuja kumwokoa, vipi, sisemi.

Kasoro ninayo moja, na ni kubwa. Wenzake wanauawa wote njiani, halafu suluhu na wauaji inakuja upesi mno. Msiba ule ulihitaji kurasa zaidi.

Hata hivyo kilitwaa Nebula na Hugo, tuzo kubwa za hadithi za kubuni za kisayansi, na kilistahili. Mwendelezo wake ni vitabu viwili, vya 2017 na 2018. Kiingereza chake chepesi, mtoto wa sekondari anakimaliza. Mwenye binti anayengoja barua ya chuo amnunulie kabla hajafunga begi.

Mimi nakisoma mara ya pili, safari hii kwa sauti, namfasiria bibi baada ya Isha. Jana tumefika pale kwenye foleni. Akaniuliza, "Na yule mwanamke, hakumwomba radhi?"