Uzoefu wangu: tulimpeleka mzee wa Kihungaria kurekodiwa historia yake ya ukimbizi

Mimi ni Mtanzania, naishi New Jersey, na boksi ninalobeba huku ni kuhudumia wazee majumbani. Mmoja wa wazee wangu ni Mhungaria aliyekimbia kwao mwaka 1956, baada ya vifaru vya Kisovieti kuingia Budapest tarehe 4 Novemba kuzima mapinduzi. Binti yake alipata wakfu mmoja usio wa kibiashara unaokusanya kumbukumbu za wakimbizi wa mwaka ule, tukampeleka. Jina la wakfu siliweki kwa sababu familia imeniomba, ila huduma yenyewe nataka kuieleza.

Gharama hakuna. Wanaendeshwa kwa michango, na hakuna aliyetusogezea bahasha wakati wa kuaga (nilikuwa nimejiandaa kununa). Familia inapewa nakala ya video, na picha na vyeti vinaskaniwa ukiwa umekaa hapo hapo. Mzee ana kadi yake ya Camp Kilmer ambayo hata mimi hanipi kuishika. Walisogeza skana mezani kwake, akaiweka mwenyewe, akaitoa mwenyewe.

Kwa asiyejua, Camp Kilmer ilikuwa kambi ya jeshi hapa New Jersey. Ndege ya kwanza ya wakimbizi hao ilitua jimboni tarehe 21 Novemba 1956, na hadi kambi inafungwa Mei 1957 walikuwa wamepita zaidi ya 30,000. Wengi waliingia kwa kibali cha muda tu cha serikali ya Rais Eisenhower wa Marekani; sheria ya kuwapa ukaazi wa kudumu ilikuja 1958.

Sasa mahojiano yenyewe, ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Kamera ilikuwa ya kawaida kabisa, lakini muulizaji alikuwa mtu aliyesoma mambo yake. Miaka yote mzee amekuwa akisema familia yao ilivuka kwenda Austria kwenye daraja la Andau, mwishoni mwa Novemba. Daraja hilo lilikuwa la mbao, dogo, la wakulima, juu ya mfereji wa mpakani, na watu wapatao 70,000 walilitumia kukimbia. Lakini askari wa Kisovieti walililipua tarehe 21 Novemba. Yule dada muulizaji alilijua hilo, na hakumwambia mzee kwamba anakosea. Aliuliza tu, kwa Kihungaria, maji yalikuwa na kina gani.

Mzee akanyamaza. Kisha akaanza kueleza gogo lililolazwa kati ya vipande vya daraja, barafu kwenye kingo, na mama yake aliyekataa katakata kukanyaga hadi kaka mtu akambeba mgongoni. Binti alikuwa ananinong'onezea tafsiri huku machozi yanamtoka, maana habari ya bibi yake kubebwa alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza. Na yeye mwenyewe tayari ana umri wa kuwa na wajukuu.

Kitu kingine kilichonifurahisha: mzee hakushika bunduki, alikuwa anajifunza uokaji mikate. Nilihofia watamwona hana hadithi. Walimuuliza unga ulipatikana vipi siku zile za mapigano na foleni zilikuwaje, akachangamka kuliko alipokuwa kwenye habari za mpaka.

Unaruhusiwa pia kuzuia sehemu. Mzee aliomba majina mawili ya ndugu waliobaki yakatwe, na yakakatwa. Nilipofika nyumbani nikaingia kwenye mahojiano ya zamani ambayo Chuo Kikuu cha Columbia kiliwafanyia wakimbizi hawa mara tu walipotoka. Yanasomeka bure kwenye tovuti ya hifadhi ya Blinken OSA ya Budapest. Mle watu wana namba badala ya majina, kwa kuwa waliobaki nyumbani wangeweza kuadhibiwa. Ni hazina, ila ni maandishi yaliyopigwa taipu kwa Kiingereza. Ya mzee wetu ina sauti yake, na ina pale anaponyamaza.

Kasoro zipo. Fomu ya ridhaa ni ndefu na imeandikwa kwa lugha ya mawakili. Binti alilazimika kuisoma mara mbili ndipo aelewe kwamba haki ya kuzuia video nzima inabaki kwa mzee. Tafsiri ya maneno yanayopita chini ya video ilichelewa sana, tukapiga simu hadi tukaona aibu. Na ilipokuja, jina la kijiji chao lilikuwa limeandikwa vibaya, ingawa walirekebisha bila ubishi. Kwa wazee wa umri huu kuchelewa si jambo dogo, kwa hiyo nyota moja naibakiza mfukoni: nne kati ya tano.

Mwenye mzee wa aina hii apige simu mapema na aombe miadi ya asubuhi, maana ikifika saa nane mchana wengi wao wameshachoka. Picha beba hata zile zisizo na watu. Na mkisaini fomu, andikeni wenyewe kwa herufi kubwa majina ya vijiji na mitaa, na alama zake zote za juu.