Pedali za rokabili na alt-kantri ukiwa Dodoma: anza na dilei, distosheni itasubiri

Wakuu, kwa wapiga gita wa hapa Dodoma wanaotafuta ile sauti ya rokabili (rokenroli ya mwanzo iliyochanganyika na kantri) na alt-kantri naanza na jibu kabisa: hela yako ya kwanza weka kwenye dilei, ile pedali inayorudia sauti kama mwangwi, sio kwenye distosheni, ile inayochafua sauti. Najua dukani distosheni ndio inakuvuta, unaikanyaga pale kaunta watu wote wanageuka, lakini kwa muziki huu utaikuta imezimwa muda mwingi.

Sababu ni hii. Rokabili imetokea Memphis, Sun Studio ya Sam Phillips, pale mwaka 1954 Elvis alipoingia na Scotty Moore kwenye gita. Sikiliza vizuri lile gita, ni safi tu, halina fujo. Kinachosisimua ni mwangwi mmoja mfupi unaofuata kila noti, ndio wanaouita slapbeki, na walikuwa wanaupata kwa mashine za tepu, kichwa kimoja kinarekodi, mkanda unasogea kidogo, kichwa cha pili kinasoma. Piga hesabu mwenyewe: mkanda ukikimbia inchi 15 kwa sekunde na vichwa vikiwa vimeachana inchi 2, sauti inachelewa kama milisekunde 133. Kwa hiyo unachotafuta dukani ni pedali inayokaa vizuri kati ya milisekunde 80 na 140 hivi na kurudia mara moja tu. Muuzaji akikupandishia bei kwa sababu dilei yake inachelewa sekunde kadhaa, hizo sekunde kwako hazina kazi.

Sasa ipi. Ya bei ndogo ninayoipenda ni Behringer VD400. Ni analogi, mwisho wake milisekunde 300, ambazo kwa slapbeki zinatosha na kubaki, na mwangwi wake una giza kidogo, hauna ule ung'avu wa kidijitali, kwa hiyo unakaa nyuma ya noti badala ya kushindana nayo. Boksi lake ni plastiki, hilo ulijue kabla, na kubadilisha betri inabidi ubonyeze vile vipini vya pembeni na kitu chembamba ndio kifuniko kifunguke, kazi ambayo hutaki kuifanya gizani katikati ya shoo. Ukiwa na hela zaidi kuna Boss DD-3T, chuma kitupu, hiyo ni ya kidijitali. Weka swichi kwenye ile hali ya milisekunde 200, D.Time (muda wa kuchelewa) katikati au juu yake kidogo, F.Back (marudio) ishushe mpaka chini kabisa, E.Level (ukubwa wa mwangwi) katikati. Halafu fanya jaribio hili: ziba nyuzi kwa mkono wa kushoto, piga piki mara moja. Unatakiwa usikie tak-ta, ya pili iwe ndogo kuliko ya kwanza. Ukisikia ya tatu, punguza F.Back. Ukisikia kama ni pigo moja limenenepa tu, ongeza muda kidogo kidogo mpaka zitengane. Ikishakaa sawa piga besi na dole gumba huku vidole vingine vinatembea na melodi, utaelewa nasema nini, na wale waliokaa na wazee wa gita kavu wakajifunza mambo ya Jean Bosco Mwenda, yule mpiga gita wa Kongo, huo mkono wanao tayari, wanaongezea mwangwi tu.

Kati ya hizo mbili kwa bendi ndogo ya hapa mjini mimi nachukua VD400, hela inayobaki inaingia kwenye pedali nyingine. Anayesafiri na vyombo kila wikendi, leo Kondoa kesho Mpwapwa, huyo achukue Boss, maana kwenye buti la gari plastiki ni plastiki.

Ila kuna jambo ambalo video nyingi za Marekani hazitakuambia, kule mtu ana ampli yake nyuma, sisi wengi tunapiga kanisani au ukumbini na waya unaenda moja kwa moja kwenye mikisa. Dilei na kompresa (pedali inayosawazisha nguvu za noti) zikiingia mikisa hazina shida kubwa. Ovadraivu, yaani pedali ya uchafu mwepesi kuliko distosheni, ndio inaharibika, kwa sababu spika ya ampli ya gita huwa inakata zile sauti za juu kabisa zinazokwaruza, na spika za ukumbini hazikati, zinazitoa zote. Kama maisha yako ni ya mikisa basi bora Zoom G1 Four kuliko kununua pedali moja moja. Inabeba hadi efekti 5 kwa wakati mmoja, ina modeli za ampli ndani yake, na inatumia betri 4 za AA ambazo hata duka la mtaani Nkuhungu unazipata. Kasoro yake ni kwamba katikati ya wimbo unaanza kuinama kutafuta kwenye kioo kidogo wakati mwenye pedali tatu sakafuni anakanyaga tu, kwa hiyo tengeneza sauti zako nyumbani na uzihifadhi kwa mpangilio wa nyimbo.

Kwa alt-kantri, nazungumzia ule mkondo wa bendi kama Uncle Tupelo wa Belleville, Illinois, Marekani, waliochanganya kantri na panki mwishoni mwa miaka ya 80 kuingia 90, hapo ndio unahitaji uchafu kidogo. Neno ni kidogo. Ovadraivu ya Ibanez Tube Screamer inafaa sana, nobu ya draivu (uchafu) iweke chini, ya level (ukubwa wa sauti) juu, yenyewe inapunguza besi na kusukuma sauti za kati kwa hiyo hugombani na mpiga besi wala kinanda. Uchafu uwe kama ule mvumo wa ilimba ya Kigogo, noti unaisikia safi kabisa na juu yake kuna kitu kinazizima. Ukipiga kodi nzima (noti kadhaa kwa pamoja) na huwezi tena kutofautisha nyuzi, umezidisha.

Tremolo: Boss TR-2, ile nobu ya Wave igeuze yote kushoto ili sauti ipande na kushuka taratibu, Rate (kasi) polepole, basi, nyimbo za huzuni zimepata makazi. Kompresa ni nzuri kwa wenye gita la Telecaster wanaopiga zile noti za kudonoa, Dyna Comp ya MXR ina nobu mbili tu huwezi kupotea, lakini inanyanyua na kelele za chini, kwa hiyo iwe ya mwisho kwenye orodha ya manunuzi ingawa kwenye mnyororo, yaani mpangilio wa kuunganisha pedali, inakaa ya kwanza: gita, kompresa, ovadraivu, tremolo, dilei.

Umeme sasa. Pedali nyingi za aina hii zinataka volti 9, hasi iwe katikati ya plagi, angalia kile kimchoro kwenye adapta kabla hujachomeka. Adapta za ruta nyingi ni volti 12 na chanya katikati, zinaingia vizuri kabisa kwenye tundu na zinaweza kuua pedali. Adapta ya bei chee ikileta mngurumo jaribu betri ya volti 9, mngurumo ukipotea basi pedali haina tatizo. Na ukimaliza chomoa jeki ya upande wa gita, maana hiyo ndio inayowasha pedali, ukiiacha usiku kucha asubuhi unaweza kukuta betri imekwisha.

Halafu vumbi letu. Kiangazi upepo ukianza Dodoma vumbi linaingia kwenye nobu na ukizungusha zinakoroma. Funika pedali na kitambaa ukimaliza mazoezi, na fundi mwambie atumie dawa ya kusafishia koneksheni za umeme, asipulizie mafuta ya bawaba.

Ukiagiza Kariakoo omba muuzaji aichomeke na akurekodie sauti ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa, zote mbili, mnyororo mzuri ukizima pedali zote gita lako linatakiwa libaki vilevile, likififia ujue kuna waya au pedali inakula sauti, toa moja moja mpaka uipate.