Saitimira ya baiskeli ya watu wawili: nimejaribu nne, nimebaki na moja

Kwenye baiskeli ya watu wawili, ambayo wote mnapiga pedeli, kinachokuziba usione nyuma ni mwenzako. Aliye mbele ndiye mwenye usukani, lakini saitimira nyingi atakazofunga zitamwonyesha kiwiko cha aliye nyuma kwanza, barabara baadaye. Ndiyo maana mimi hupima urefu wa mkono wa kioo kabla sijauliza bei.

Usukani wangu una upana wa sentimita 60, kwa hiyo ncha ya kulia iko sentimita 30 kutoka katikati. Kiwiko cha mtu mzima aliyekaa nyuma hufika karibu hapohapo. Kioo kikiishia kwenye ncha, nusu yake ni shati. Kikitoka nje sentimita 10 zaidi, lami inaanza kuonekana. Na kiwe cha kulia, maana magari yanatupita kulia.

Ile ya kuchomeka ndani ya bomba la usukani ni imara, ila inakaa chini mno: unaona paja na goti vikipanda na kushuka. Inafaa baiskeli ya mtu mmoja. Ya kofia ngumu ndiyo inayomkwepa mwenzako vizuri kuliko zote, kwa kuwa ukigeuza kichwa kidogo unaona pembeni yake. Lakini kioo chake ni kidogo, na lori la mbali linakuwa nukta tu.

Ya pikipiki inapatikana kila duka la spea Tabora, na mkono wake ni mrefu. Tatizo ni uzito. Boliti yake, mara nyingi ya milimita 10, inahitaji kibano cha kushika bomba la milimita 22, na kwenye changarawe kibano huzunguka taratibu mpaka kioo kinatazama mawingu. Fundi akikwambia achomelee nati kwenye usukani, kataa. Moto unadhoofisha bomba, na usukani wa baiskeli hii unabeba watu wawili mkifunga breki.

Niliyobaki nayo ni ya kibano chepesi, mkono wa sentimita 15, kioo mbinuko (kilichobinuka kuelekea nje) cha duara la sentimita 8, na viungo viwili vya kukaza kwa skrubu. Kiungo kisicho na skrubu kikishalegea hakina dawa. Kioo bapa kinaonyesha umbali wa kweli, lakini eneo lake ni finyu na kiwiko kinalimaliza. Kioo mbinuko kinadanganya: basi linaloonekana liko mbali limeshakaribia. Ukiliona, shika pembeni mapema.

Chini ya kibano weka tabaka moja la mpira wa tyubu kuukuu. Moja tu, ukiweka mawili kibano kinakaa juu ya kitu laini na kioo kinatetemeka kuliko mwanzo. Kurekebisha kufanyike wote wawili mkiwa mmekaa, kwa sababu uzito unashusha baiskeli na aliye nyuma akishika usukani wake ndipo viwiko vinapojulikana. Mtu wa tatu asimame hatua 20 nyuma, upande wa kulia, umtafute kwenye kioo. Acha ukingo wa ndani wa kioo uonyeshe kiwiko kidogo, kama sehemu moja ya tano, ili ujue kioo kimehama au la. Kwenye miinuko ya Kigoma, mkisimama juu ya pedeli, kioo hakisaidii. Aliye nyuma ndiye ageuke aangalie. Kama haoni, kaeni kwenye siti mpande polepole.

Ukitoka Tabora asubuhi kuelekea Urambo jua liko mgongoni na linakupiga machoni kupitia kioo. Kiinamishe kidogo, usikigeuze pembeni. Vumbi lioshwe kwa maji kwanza, usifute kikavu, mchanga utakikwaruza. Na mkipumzika kivulini, baiskeli iegemee mwembe kwa ubavu wa kushoto.