Kamera iliyopigwa shoti, mikisa ya fundi na EYESY: uzoefu wangu na vifaa vya sanaa ya glichi

Sanaa ya glichi ni kuharibu picha makusudi, ili uharibifu wenyewe ndio upendeze. Nianze na jambo ambalo wauzaji wa vifaa vyake hawalisemi. Kuharibu picha ni kazi rahisi na ya bei ndogo. Kinachokula hela ni kuifanya hiyo picha iliyoharibika ikubali kutokea kwenye projekta mbele ya watu. Ukilijua hilo mapema, utanunua vitu kwa mpangilio tofauti kabisa na ule unaoonyeshwa kwenye video za YouTube.

Mimi ni mtu wa picha za ukutani kwenye shoo za singeli na usiku wa madijei hapa Dar. Singeli inapita mapigo 200 kwa dakika, na ukiweka video safi nyuma ya muziki huo inaonekana kama tangazo la benki lililopotea njia. Nilitaka chenga, mistari inayokimbia, rangi zilizohama mahali pake. Programu za simu zenye "efekti za glichi" nilizichoka haraka, maana kila mtu anazo na zote zinaharibu kwa namna ile ile. Ndipo nikaanza kutafuta vifaa vyenyewe.

Cha kwanza kilikuwa kamera ya plastiki ya watoto ambayo imechezewa sakiti. Niliiagiza kwa mtu mmoja wa Ulaya anayezitengeneza mojamoja nyumbani, ikaja ndani ya begi la rafiki. Ukiifungua unaelewa mara moja. Kati ya sensa inayopokea mwanga na chipu inayotengeneza picha kuna njia nyembamba za shaba zinazopitisha namba. Fundi amechomea nyaya nyembamba kama nywele kwenye njia hizo, akazitoa nje ya boksi hadi kwenye safu ya swichi ndogo. Ukibonyeza swichi, njia mbili ambazo hazikutakiwa kukutana kamwe zinapigana shoti. Ukigusa njia za namba, rangi zinahama: ngozi inakuwa zambarau, anga kijani kibichi, vivuli vinajaa nukta. Ukigusa ile inayobeba mapigo ya saa, yaani mdundo unaoipangia chipu lini ipokee kila namba, picha inapinda, inajirudia, au inakatika vipande vilivyopangwa upya.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba faili lenyewe linabaki zima. Uharibifu umetokea kabla chipu haijabana picha kuwa JPEG, kwa hiyo kamera inaamini kwa dhati kwamba dunia ndivyo ilivyo. Unatoa memori kadi, unaweka kwenye simu, inafunguka bila neno. Ni tofauti na ile njia ya kufungua faili la picha kwenye programu ya maandishi na kufutafuta herufi. Huko nusu ya mafaili hayafunguki tena.

Ubaya wake ni kwamba inaganda. Michanganyiko mingine ya swichi inaifanya kamera isimame kabisa, na dawa ni kutoa betri na kuirudisha. Kwenye shoo hilo haliwezekani, kwa hiyo kamera hii ni ya mchana: natembea nayo Kariakoo, napiga vitambaa, mabango, daladala, kisha usiku natumia picha hizo kama malighafi. Mwanga mkali wa saa sita unaipendeza. Jioni inatoa matope tu. Na usitegemee kupata kitu kile kile mara mbili, kwani swichi zikiwa zile zile, joto na betri vikibadilika kidogo, picha nayo inabadilika. Wapo watakaoliona hilo kama kasoro. Kwangu ndilo nililolipia.

Aliyenipa hamu ya kamera hizi ni Mmarekani Phillip Stearns, ambaye mwaka 2012 alikuwa akitoa kazi ya glichi kila siku kwa mwaka mzima, na baadhi ya picha zake zilitoka kwenye kamera za zamani za Kodak zilizopigwa shoti. Baadaye akazifuma ziwe vitambaa. Tangu nivione sijaacha kuwaza kanga yenye mji wa picha kama hizo na pindo safi lililonyooka. Mwenye kiwanda cha kanga akisoma hapa, tuongee.

Tahadhari moja kabla hujajichokonolea kamera yako mwenyewe: kama ina flashi, iache. Kapasita ya flashi, yaani kile kidude kinachoitunzia umeme, inabeba karibu volti 300 na inabaki nazo hata ukishatoa betri. Ndiyo maana watengenezaji wengi wanapenda kamera za watoto zisizo na flashi.

Sasa kifaa cha pili, ambacho ni cha bei ndogo kuliko vyote na ndicho ninachokitumia kila shoo. Kwa Kiingereza wanakiita "dirty mixer", yaani mikisa chafu, kifaa cha kuchanganya picha mbili kwa fujo, na Mholanzi Karl Klomp ni miongoni mwa waliouvumisha mchoro wake. Ndani hakuna chipu wala umeme wa kuchomeka. Kuna jeki mbili za AV za kuingizia picha, voliumu moja ya kuzungusha kama ya redio, na jeki moja ya kutolea. Basi. Nilikwenda kwa fundi wa redio mtaani kwetu, nikamchorea kwenye karatasi. Akaniangalia. "Kaka, watu wananiletea TV nitoe chenga. Wewe unanilipa nizitie?" Akacheka, akachoma risasi, akanipa. Vifaa vyote havikufika shilingi 10,000, na kwa vile alishapata hamu akaongeza swichi ya kukata waya katikati bila kuniuliza. Ile swichi sasa ndiyo kitufe ninachokipenda kuliko vyote.

Ukichomeka king'amuzi upande mmoja na deki ya DVD upande wa pili, kisha ukazungusha voliumu taratibu, unaona kitu ambacho hakuna programu iliyonipa. Kwa sababu hii hapa: kwenye waya wa njano, picha husafiri kama umeme wa takriban volti moja. Sehemu ya juu, kama volti 0.7, ni mwanga. Sehemu ya chini, kama volti 0.3, ni alama inayoiambia TV "mstari mpya unaanzia hapa". Kwenye PAL, mfumo wa TV za zamani za huku kwetu, kila mstari unachukua maikrosekunde 64, na picha nzima ni mistari 625. King'amuzi na deki kila kimoja kina saa yake, na saa hizo hazijawahi kusalimiana. Ukizichanganya, TV inapokea alama mbili za mwanzo wa mstari zinazogombana. Inamfuata huyu, inamwacha, inamfuata yule. Picha inalala upande, inapanda, inachanika katikati, sura ya mtangazaji wa habari inapita juu ya filamu ya karate, na rangi zinakimbia kama zimefukuzwa.

Hayo yote yanatokea vizuri kwenye TV ya chogo. Chogo haina akili ya kukataa. Inaendelea kuchora chochote inacholetewa, hata kama mistari haijui ianzie wapi. Projekta na flatskrini ni jambo lingine. Zenyewe hugeuza picha kuwa namba kwanza, na ili zifanye hivyo zinataka alama zilizonyooka. Alama zikivurugika zinakuonyesha skrini ya bluu na maneno ya kusema hakuna kitu. Yaani kadiri uharibifu unavyonoga, ndivyo projekta inavyozidi kukukatalia, na inakukatalia pale pale ambapo dijei ameachia.

Konveta ndogo za kutoa AV kwenda HDMI zinazouzwa Kariakoo nimezijaribu za aina kadhaa. Moja ni mvumilivu, inagandisha picha ya mwisho kwa nukta ya sekunde kisha inaendelea, na hata huko kuganda kunapendeza. Nyingine zinazimika kwa chafya. Kwa nje zote zinafanana, boksi lile lile jeusi, kwa hiyo nenda na mikisa yako dukani ujaribu kabla ya kulipa. Muuzaji atakushangaa, mvumilie.

Suluhisho la kweli ni mikisa za zamani za studio zenye uwezo wa kuhifadhi fremu nzima na kuitoa upya ikiwa na alama safi. Edirol V-4, Panasonic WJ-MX50 na Videonics MX-1 ndizo majina utakayoyasikia kwa watu wa kazi hii, na hazitengenezwi tena. V-4 ina faida kwamba inabadilishwa kati ya PAL na NTSC. Kabla ya kununua nyingine yoyote ya mtumba kutoka Marekani uliza hilo kwanza, maana huko mfumo wao wa zamani ni NTSC wenye mistari 525, na huku kwetu ni PAL. PAL yenyewe Zanzibar iliichukua mapema: televisheni ya rangi ilianza Unguja mwaka 1973, miongoni mwa za kwanza Afrika, wakati bara tulisubiri hadi 1994 kupata kituo chochote.

Tofauti hiyo inaonekana hata kwenye uharibifu wenyewe. NTSC ikivurugwa majira ya rangi, rangi zote zinageuka: nyekundu inakwenda bluu, bluu inakwenda kijani. PAL iliundwa ijisahihishe, mstari mmoja unapindua kosa la mwenzake, hivyo badala ya rangi kugeuka zinapauka. Ndiyo sababu video nyingi za Wamarekani zinaonyesha upinde wa mvua na wewe kwako unapata kijivu. TV nyingi za chogo za miaka ya mwisho zinakubali mifumo yote miwili. Ingia kwenye menyu ya deki yako ya DVD, ibadilishe iwe NTSC, kisha jaribu tena.

Mimi kwa sasa napita njia ya masikini: chogo naiweka nyuma ya jukwaa gizani, simu mbele yake kwenye stendi, na picha ya simu ndiyo inayokwenda kwenye projekta. Shata ya simu iwe 1/50 ya sekunde kwa PAL au 1/60 kwa NTSC, vinginevyo utepe mweusi utapanda na kushuka usiku kucha. Funika taa zote, kwani kioo cha chogo kinaakisi hata sigara. Matokeo ni mazuri kuliko konveta, kwa sababu unapata na ile mng'ao ya kioo. Ila ni mzigo. Chogo ya inchi 21 ngazi mbili juu, na bodaboda hawabebi. Na usithubutu kuifungua: nyuma ya kioo kuna makumi ya maelfu ya volti, hiyo ni kazi ya fundi peke yake.

Kifaa cha tatu ni EYESY ya Critter & Guitari, kampuni ya Marekani, iliyotoka mwaka 2020. Hii ni sinthesaiza ya video ya kidijitali, yaani inatengeneza picha yenyewe bila kamera. Ndani kuna kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, nje kuna vitufe na vinundu vitano vya kuzungusha, unaingiza sauti ya dijei na picha inacheza na mapigo. Inatoa HDMI, kwa hiyo projekta haina ugomvi nayo. Kila mtindo wa picha ni programu fupi iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Python, unayoweza kuifungua, kuihariri na kuirudisha kupitia flashi ya USB. Nimebadilisha mmoja uchore michoro ya pindo la kanga na ukachora. Ni kifaa kizuri na cha kuaminika, na usiku ambao sina nguvu ya kubeba chogo nakwenda nacho peke yake. Lakini haitoi chenga. Inachora maumbo safi yanayochezacheza, na hilo ni pato tofauti na nililokuwa nalitafuta. Utamu wake niliupata nilipoipitisha kwenye konveta ya kurudi AV, kisha ndani ya mikisa ya fundi, ikagombane na king'amuzi.

Sinthesaiza za analogi za kweli sina. LZX Industries wanatengeneza moduli zake, unanunua moja moja na kuziunganisha kwa nyaya, na kila nikipiga hesabu na kuongeza ushuru nafunga ukurasa. Wanaojua kusoma michoro wana njia nyingine. Dan Sandin wa Chicago, aliyejenga mashine yake ya kuchakata picha mwanzoni mwa miaka ya 1970, aligawa michoro yake kwa yeyote aliyetaka kujitengenezea, na desturi hiyo ya kugawana haijafa kwa watu wa fani hii. Nam June Paik na Shuya Abe nao walikuwa wamejenga yao, ikaonekana kwenye kituo cha WGBH cha Boston mwaka 1970. Fundi wangu nilimwonyesha picha za mashine hizo kwenye simu, akasema nimletee mchoro ataona.

Kwenye shoo weka tangazo mlangoni kwamba kuna picha za kumwekamweka. Kuna wenye kifafa kinachoamshwa na mwanga, na kiwango kinachotajwa kwa usalama ni mimweko isiyozidi mitatu kwa sekunde. Kwa singeli ni rahisi mno kukipita, kwa hiyo EYESY usiiache ifuate kila ngoma.

Kama una shilingi chache, anza na mikisa ya fundi na chogo ya jirani anayetaka kuitupa. Kamera ifuate ukipata mtu wa kukuletea. EYESY ni ya siku ambayo kazi hii imeanza kukulipa. Mimi sasa natafuta V-4, na najua zipo: kuna studio za harusi zilizofungwa Dar na Unguja ambazo stoo zake hazijaguswa tangu watu waache kurekodi kwa kanda. Mwenye nayo ajue kwamba hata kama kitufe kimoja hakifanyi kazi, naichukua.