Viatu Visivyoingiza Maji: Nimevivaa Wiki Sita, Sasa Nawaambia

Haya, karibuni tena, karibuni sana. Leo sina utangulizi mrefu kwa sababu nina hasira na hiki kiatu. Kioneni. Kizuri, si ndiyo? Ushonaji safi, soli ina meno ya maana, kamba hazifunguki ovyo. Uzito, rangi, saizi, hayo yote yameandikwa kwenye boksi na wenzangu wameshayasema, sitayarudia. Nimekivaa wiki sita: juani, mvuani, kwenye majani yenye umande. Ninalotaka kuzungumza ni jambo moja tu, haya maneno yaliyoandikwa hapa ubavuni, kwamba hakiingizi maji.

Ni kweli, hakiingizi. Shida ni kwamba hakiyatoi pia.

Msiniondokee, naonyesha sasa hivi. Hapa nina glasi ya maji. Kiatu nakiweka juu ya tishu kavu, tabaka mbili, ili tone likitoka tu tulione. Namimina… taratibu… glasi nzima imeingia. Ngoja nisogeze kamera. Unaona maji yanavyocheza pale kisiginoni? Sasa nakinyanyua kiatu. Tishu kavu! Naipapasa kwa kidole, kavu, hata alama hakuna. Nakitikisa. Mnasikia hiyo chubwi-chubwi? Kati ya kitambaa cha nje na bitana kuna utando, umezunguka mguu mzima kama soksi ya plastiki. Unafanya kazi uliyotengenezewa, siukatai. Lakini jiulize, maji yakipitia huku juu kwenye kifundo, yatatokea wapi? Na huku juu yanapita kirahisi mno. Ukanyage dimbwi lenye kina kuliko kiatu, basi. Au suruali iloe, maji yachuruzike hadi kwenye soksi, nayo soksi iyateremshe hadi vidoleni. Mvua haihitaji hata kukigusa kiatu.

Sasa chukua hiki kingine, cha kitambaa chenye matundu kama wavu, hakina utando wowote. Glasi ileile. Namimina… hata sijamaliza! Tazama tishu, imelowa yote. Tazama ubavuni hapa, yanatoka kama kwenye chujio. Kiatu hiki kitakulowesha upesi, ndiyo, lakini ukitembea kidogo maji mengi yameshakamuliwa nje, unabaki na unyevunyevu tu wa soksi. Kile cha kwanza nilitembea nacho nusu siku nzima kimejaa maji. Nilipovua, ngozi katikati ya vidole ilikuwa nyeupe, imekunjamana, na kwenye kisigino lengelenge la ukubwa wa kucha ya dole gumba. Ngozi iliyolainishwa na maji hukwaruzika haraka kuliko ngozi kavu. Nilichechemea siku tatu.

Najua mtakaloandika huko chini: "Lakini mimi sikanyagi madimbwi." Sawa. Kikulacho ki nguoni mwako, ndugu yangu. Nyayo zako mbili zina tezi za jasho zinazokadiriwa 250,000. Hata bila tone la mvua, mguu ni chemchemi.

"Utando unapumua," wanasema. Tuelewane hapa, maana ndipo watu wengi wanapopotea. Wazo lenyewe ni zuri sana. Mwaka 1969 Mmarekani Bob Gore alivuta kwa nguvu na kwa ghafla kipande cha plastiki ya jamii ya Teflon, badala ya kukatika ikatanuka na kuwa na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Tone la maji ni kubwa mno kupita humo, mvuke unapita. Ndipo ikazaliwa Gore-Tex, ule utando maarufu wa nguo na viatu visivyoingiza maji. Hiki kiatu changu si cha Gore-Tex, kina utando wa aina nyingine, ila kanuni ni hiyohiyo: mvuke hutoka pale ambapo ndani kuna joto na unyevu kuliko nje. Nje kukiwa na baridi na ukavu, jasho linasukumwa nje vizuri. Nje kukiwa na fukuto kama ndani, mvuke uende wapi? Unakaa na wewe humohumo.

Kuna na jingine. Natonesha maji hapa kwenye kidole cha kiatu… unaona, hayasimami kama shanga, yanaenea na kunywewa. Kilipokuwa kipya yaliviringika yakaanguka. Ile dawa ya juu ya kufukuza maji imekwisha kwa msuguano na matope, kitambaa cha nje kinalowa chapachapa, na kikishalowa hivyo kinauziba utando. Hapo jasho lako ndilo linalokulowesha halafu unaona kiatu kimetoboka. Hakijatoboka! Kioshe, kikauke, kipulizie dawa upya.

Nisikionee lakini. Kwenye baridi kali, kwenye theluji, au asubuhi ya umande unapotembea muda mfupi, nakivaa tena bila kusita. Vidole vilibaki na joto, na hilo ni kubwa. Kwa hiyo nilipoanza nilitaka kusema msinunue, sasa naona nilikuwa na haraka. Nunueni kwa baridi. Kwa joto, hapana. Na kwa kuwa kile cha utando ni ghali kuliko pacha wake asiye na utando, mimi hiyo tofauti ningeipeleka kwenye soksi.

Soksi jamani! Hapa ndipo raha yangu ilipo. Pamba inanyonya jasho na kulishikilia, inakuwa kama dasta iliyolowa imefungwa mguuni. Hii niliyovaa ni sufu ya merino, kondoo wa manyoya laini. Sufu inaweza kubeba unyevu wa karibu theluthi moja ya uzito wake na bado ukiigusa usihisi maji, na haianzi kunuka upesi. Iguse hapa… basi tu hamwezi, lakini mimi nimezunguka nayo tangu asubuhi na katikati ya vidole ni pakavu. Mchanganyiko wa sufu na nailoni unadumu zaidi, sufu tupu hutoboka kisiginoni. Beba jozi ya pili kwenye mfuko, badilisha mchana. Ni hilo tu, na utashangaa.

Kuna mtazamaji aliniuliza kuhusu kupaka miguuni dawa ya kuzuia jasho la kwapa. Inafanya kazi. Utafiti uliochapishwa 1998 ulifanywa kwa wanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point, Marekani, matembezi ya kilomita 21. Waliojipaka dawa halisi siku kadhaa kabla, 21% walipata malengelenge. Waliopewa dawa bandia, yaani ya kulinganishia tu isiyozuia jasho, 48%. Ila zaidi ya nusu ya waliopaka ile halisi waliwashwa ngozi, kwa hiyo jaribu kidogo kwanza, usiku, ngozi ikiwa kavu, na ukiwashwa acha. Kama una nyufa au fangasi katikati ya vidole, usipake kabisa, nenda katibiwe.

Kabla sijasahau: wiki ijayo tunaanza mfululizo wa soli za ndani, nimekusanya aina saba, na vipindi vitakuwa viwili kwa wiki badala ya kimoja. Kama bado hujabonyeza kengele, bonyeza sasa tuwe pamoja.

Turudi kwenye kile kiatu. Kimekaa hapa muda wote nikiongea. Nakiinamisha juu ya glasi… angalieni. Karibu maji yote yamerudi! Kilichopungua kimenywewa na bitana na sponji ya ndani, na hicho ndicho kigumu kukausha. Natoa soli ya ndani, naiegemeza ukutani peke yake. Nalegeza kamba hadi chini, navuta ulimi mbele. Najaza gazeti lililokunjwakunjwa, mpaka kwenye ncha ya vidole, na baada ya saa moja nalibadilisha kwa sababu litakuwa limeshiba. Motoni sikiweki, wala juu ya hita, gundi ya soli itaachia. Feni inatosha. Kesho asubuhi naingiza mkono humu ndani mbele yenu, nitaweka kipande kifupi, mtaona kama kimekauka.