Kipindupindu na homa ya matumbo: bakteria wawili, mbinu mbili

Wote wawili huingia kwa maji au chakula chenye kinyesi, na wote wana ukuta mwembamba wa seli uliozungukwa na utando wa nje. Baada ya hapo hawafanani.

Vibrio cholerae, wa kipindupindu, amejipinda kama alama ya mkato na ana flagela moja nyuma, yaani mkia mwembamba wa kumsukuma. Hapenyi utumbo kuingia ndani ya mwili. Hujibandika kwenye utumbo mwembamba na kutoa sumu inayozilazimisha seli kumwaga chumvi, na maji hufuata chumvi. Ndiyo maana choo hutoka kama maji ya mchele, na mgonjwa anaweza kufa kwa saa chache huku utumbo wenyewe haujachubuka.

Salmonella Typhi, wa homa ya matumbo, ni kijiti chenye flagela pande zote na kapsuli (ganda laini la nje) inayomficha dhidi ya kinga ya mwili. Huyu hupenya utumbo, humezwa na chembe nyeupe za damu, kisha (ujasiri ulioje!) huzaliana humo humo na kusafiri nazo hadi kwenye ini, bandama na uboho. Homa huanza baada ya wiki moja au mbili hivi. Mgonjwa asipotibiwa, bakteria huyu anaweza kutoboa utumbo, au kujificha kwenye kibofu cha nyongo kwa miaka.

Kwa kipindupindu, cha kwanza ni ORS (maji ya kunywa yenye chumvi na sukari) au dripu. Antibayotiki husaidia tu. Kwa homa ya matumbo, antibayotiki ndiyo tiba, na dozi imalizwe. Mimi humwogopa zaidi wa kwanza: hakupi muda.